Mafuta Katika Damu: Tulichorithi na Tunachopika

  

Leo tutazungumza juu ya mafuta yanayotembea ndani ya damu, na jinsi yanavyoweza kuziba mishipa ya moyo na ya ubongo. Jambo hili lina historia ndefu, na sehemu muhimu ya historia hiyo ilitokea papa hapa Afrika Mashariki. Kwa hiyo tutaanzia huko nyuma, halafu tutafika jikoni kwako.

Mama, bila shaka umewahi kusikia watu wakinong'ona matangani: "Ukoo ule, wanaume hawafiki miaka hamsini." Baba alianguka shambani, mdogo wake akaanguka kazini, sasa ni kijana. Wengine husema ni laana. Wengine husema kuna mkono wa mtu. Na papo hapo utasikia usemi mwingine: "Ugonjwa wa moyo ni wa Wazungu na matajiri. Sisi tuna damu nguvu."

Semi hizo mbili zinapingana, lakini zote zina kosa. Na kosa hilo linaweza kumfanya mtu asipimwe, wakati kipimo kingemwokoa. Hebu tuone madaktari walivyolijua hilo pole pole, kwa muda wa karibu miaka mia moja.

MAFUTA HAYA NI KITU GANI?

Katika damu ya kila mtu kuna mafuta. Mojawapo ni kolesteroli, ambayo katika vitabu vya Kiswahili utaiona pia ikiitwa lehemu. Kolesteroli si sumu. Mwili huitumia kujenga chembe zake, kutengeneza homoni, na kutengeneza nyongo ya kusaga chakula. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini. Hata maziwa ya mama yana kolesteroli, kwa maana mtoto anaihitaji anapokua.

Shida huja inapozidi. Mwaka 1913 nchini Urusi, mtafiti Nikolai Anitschkow alitangaza kwamba aliwalisha sungura kolesteroli, na mishipa yao ikajaa mafuta. Tangu hapo wataalamu wakaanza kuitazama kolesteroli kwa makini.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake. Hupakiwa ndani ya chembe ndogo sana, kama mzigo unavyopakiwa katika behewa. Sisi watu wa Voi tunayajua mabehewa tangu reli ilipofika hapa mwishoni mwa karne ya 19. Basi fikiria kwamba damu ni reli, na ini ni stesheni kuu. Behewa linaloitwa LDL hubeba kolesteroli na kuisambaza mwilini, kisha ini hulipokea behewa hilo na kulitoa relini. Mabehewa haya yakiwa mengi mno, au stesheni ikikawia kuyapokea, huzunguka na kuzunguka. Mwishowe mzigo humwagika kando ya njia, yaani ndani ya kuta za mishipa. Ndiyo sababu watu huiita LDL kolesteroli mbaya. Behewa jingine, HDL, huokota mzigo uliomwagika na kuurudisha kwenye ini. Hilo huitwa kolesteroli nzuri.

Mafuta yakiingia kwenye ukuta wa mshipa, mwili huyaona kama jeraha na kujenga kovu juu yake. Kovu hilo hukua miaka ishirini, thelathini au arobaini, wala mtu haumwi. Halafu siku moja linapasuka, damu inaganda mahali pale, na mshipa unaziba. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hupata mshtuko wa moyo. Mshipa wa ubongo ukiziba, hupata kiharusi. Watu wanasema ameanguka ghafla, kumbe jambo lilianza akiwa kijana.

WAKATI MADAKTARI WALIPODHANI HATUUGUI

Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini karibu na Ziwa Victoria, aliandika katika jarida la Lancet la Uingereza. Alikuwa amepima shinikizo la damu la Waafrika wapatao 1,000. Aliona kwamba shinikizo lao halikupanda uzeeni kama lilivyopanda kwa Wazungu. Baada ya miaka 40 lilianza hata kushuka.

Mwaka huo huo daktari Hugh Trowell alifika Kenya, na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, lakini aliandikiwa makala nzima, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa nadra sana kwa Waafrika wa wakati ule.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, Gerald Shaper na mwenzake Jones walilinganisha Waafrika na Waasia waliokuwa wakiishi Uganda. Kwa Waasia, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa tatizo kubwa. Kwa Waafrika ulikuwa karibu haupo. Walipopima damu, kolesteroli ya Waafrika ilikuwa chini, na ya Waasia ilikuwa juu zaidi.

Hapo ndipo swali kubwa lilipozaliwa. Watu hawa waliishi nchi moja, chini ya jua moja. Tofauti ilitoka wapi? Ilitoka katika damu waliyorithi, au katika chungu kilichokuwa jikoni?

Kumbuka pia, mama, kwamba siku zile watu wengi hawakuishi muda wa kutosha kuugua ugonjwa unaokua kwa miaka arobaini. Wazee wa Taveta huenda wanaukumbuka mradi wa malaria wa Pare-Taveta wa miaka ya 1950, ambapo nyumba zilinyunyiziwa dawa na watu wakatolewa damu kutafuta vijidudu vya malaria. Malaria ndiyo iliyokuwa ikizika watoto. Mshipa unaoziba katika umri wa miaka 55 haukuwa na nafasi ya kuonekana.

WASAMBURU NA WAMAASAI

Watafiti waliona kwamba wafugaji wangeweza kulijibu swali lile. Ikiwa chakula ndicho kinachopandisha kolesteroli, basi watu wanaokunywa maziwa na kula nyama siku zote wangepaswa kuwa kama sungura wa Anitschkow.

Mwaka 1962 Shaper aliandika juu ya Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1964 George Mann kutoka Marekani na wenzake waliandika juu ya wanaume Wamaasai 400 waliowapima nchini Tanganyika. Majibu yalishangaza wengi. Wafugaji hawa walikunywa maziwa mengi sana, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno.

Mwaka 1971 watafiti wengine, Biss, Taylor na wenzao, walitoa maelezo mojawapo. Mmaasai alipokula kolesteroli nyingi, mwili wake ulipunguza sana ile uliyokuwa ukiitengeneza wenyewe. Ni kama mama mwenye busara: akiona jirani ameleta unga, hasagi mwingine siku hiyo.

Watu wakasema, basi, Mmaasai amezaliwa na kinga. Lakini mwaka 1972 Mann alitoa habari nyingine. Yeye na wenzake walikuwa wamechunguza mioyo na mishipa ya Wamaasai 50 waliokuwa wamefariki. Ndani ya mishipa waliona mafuta na makovu, kiasi kinachokaribia kile cha Wamarekani wazee. Kitu kilichowaokoa ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka, damu ikaendelea kupita. Mann aliona kwamba huenda kutembea kwao mwendo mrefu kila siku, nyuma ya ng'ombe, ndiko kulikoipanua.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 2012, wataalamu walichunguza jeni za Wamaasai wa Kinyawa, hapa hapa Kenya. Waliona alama kwamba kwa vizazi vingi jeni fulani zimesaidia Wamaasai kuishi na maziwa: zile zinazomwezesha mtu mzima kusaga sukari ya maziwa, na nyingine zinazohusiana na jinsi mwili unavyotumia mafuta.

Kwa hiyo, mama, jibu lilikuwa la pande mbili. Urithi ulikuwepo. Miguu iliyotembea ilikuwepo pia. Yule aliyeacha kutembea na akahamia mjini alibaki na urithi wake, lakini mshipa wake haukuwa tena na msaada ule wa pili.

STESHENI ISIYO NA MILANGO

Sasa turudi kwa ule ukoo ambao wanaume hawafiki hamsini.

Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Kila mtoto hupata nakala mbili za kila agizo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala moja ikiwa na kosa, mzazi anaweza kumpa mtoto nakala ile yenye kosa au ile nzuri, kama kurusha shilingi. Ndiyo maana katika nyumba moja mtoto huyu hurithi na ndugu yake asirithi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, daktari Carl Müller wa Norway alieleza juu ya familia zilizokuwa na vivimbe vya mafuta chini ya ngozi, kolesteroli ya juu, na vifo vya moyo vya mapema. Aliona kwamba ugonjwa ule ulifuata ukoo. Kilichobaki ni kujua unapita njia gani.

Jibu lilipatikana Dallas, Marekani. Mwaka 1973 na 1974, Michael Brown na Joseph Goldstein walichunguza chembe za ngozi za wagonjwa wa namna hiyo. Waligundua kwamba chembe za mwili, hasa za ini, zina milango maalumu ya kupokea mabehewa ya LDL. Wagonjwa hawa walikuwa na milango michache, au hawakuwa nayo kabisa. Mabehewa yalifika stesheni, yakakuta kumefungwa, yakaendelea kuzunguka. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Aliyerithi nakala mbili zenye kosa, moja kwa kila mzazi, huugua akiwa mtoto. Msichana Mmarekani Stormie Jones alikuwa hivyo. Kolesteroli yake ilizidi 1,000 kwa kipimo cha miligramu, wakati inayotakiwa ni chini ya 200. Mwaka 1984, akiwa na miaka 6, alipandikizwa moyo na ini kwa pamoja katika mji wa Pittsburgh. Ini lile jipya lilikuwa na milango, na kolesteroli ikashuka sana. Aliishi hadi mwaka 1990. Mtoto huyu aliwaonyesha madaktari waziwazi kwamba ini ndilo lenye kazi.

Walio na nakala mbili zenye kosa ni wachache sana. Lakini walio na nakala moja si wachache. Duniani wanakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 300 hivi. Wengi wao hawajui. Ni wembamba, wanalima, hawavuti sigara, na bado LDL yao iko juu tangu siku waliyozaliwa. Mtu kama huyo akianguka akiwa na miaka 45, jirani hutafuta mchawi. Jeni haimjui mchawi, na ugonjwa huu una kipimo na una dawa.

AKINA MAMA WA KLINIKI YA ZIMBABWE

Kuna urithi unaoumiza, na kuna urithi unaokinga. Sehemu hii ya historia inatuhusu sana sisi Waafrika.

Mwaka 2003 watafiti wa Paris waligundua kwamba familia fulani za Ufaransa zilikuwa na kolesteroli ya juu kwa sababu ya jeni nyingine, inayoitwa PCSK9. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza protini inayovunja ile milango ya ini. Katika familia hizo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, kama fundi anayebomoa milango ya stesheni kila asubuhi.

Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas wakajiuliza: je, hakuna watu ambao fundi huyu hafanyi kazi? Mwaka 2005 waliwapata. Wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Karibu 2 katika kila 100 kati ya Wamarekani hao walikuwa na nakala ya PCSK9 isiyofanya kazi, na LDL yao ilikuwa chini sana.

Mwaka uliofuata, 2006, wakatoa matokeo makubwa zaidi. Wamarekani weusi zaidi ya 3,000 walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 15. Wale waliokuwa na urithi huo walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Hata wengine waliokuwa na presha au waliovuta sigara walionekana kupata nafuu hiyo.

Urithi huo ulitoka wapi? Mwaka 2007 ilitolewa ripoti kuhusu wanawake zaidi ya 600 waliohudhuria kliniki ya wajawazito nchini Zimbabwe. Karibu 4 katika kila 100 walikuwa na badiliko lile lile, na LDL yao ilikuwa chini kwa zaidi ya robo. Mmoja wao, mwanamke kijana, alilirithi kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa 0.4 tu, wakati wengi wetu tuna 2 au 3. Alikuwa mzima wa afya, na uwezo wake wa kuzaa ulikuwa salama.

Fikiria jambo hilo, mama. Akina mama waliokwenda kliniki kama uendavyo wewe, wakatoa damu kidogo, walisaidia kuionyesha dunia kwamba mtu anaweza kuishi na LDL ya chini sana bila madhara. Kutokana na elimu hiyo zilitengenezwa sindano za kumzuia yule fundi mbomoaji, na zikaanza kuruhusiwa mwaka 2015 Marekani na Ulaya. Bei yake ni kubwa, na familia nyingi za Afrika haziwezi kuifikia. Ni haki yetu kulisema hilo kila dawa mpya zinapojadiliwa.

Lakini hata bila sindano, kuna somo hapa. Kwa nini asilimia 28 tu ya LDL ilipunguza hatari kwa asilimia 88? Ni kwa sababu watu hao walikuwa na LDL ya chini tangu kuzaliwa. Mshipa huhesabu miaka yote uliyobeba mafuta, kuanzia utotoni. Kwa hiyo kazi ya kulinda moyo wa mtu wa miaka 50 huanza akiwa bado anakula katika sahani ya mama yake.

WATU WA ASILI MOJA, VYAKULA VIWILI

Je, mtu ambaye hakurithi kinga hana la kufanya? Tuvuke mpaka, twende Tanzania.

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Watafiti waliwalinganisha wanakijiji Wabantu wa aina mbili, jumla zaidi ya watu 1,000. Wa kwanza waliishi kando ya Ziwa Nyasa na walikula samaki kila siku, gramu 300 hadi 600. Wa pili waliishi mbali na ziwa na walikula vyakula vya mimea. Asili yao ilikuwa ya karibu. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na kolesteroli ya chini kuliko wenzao. Hata aina moja ya mafuta ya damu ambayo kiasi chake hutegemea sana urithi, iitwayo Lp(a), ilikuwa chini kwao.

Urithi, basi, humpa kila mtu mahali pa kuanzia. Chakula na mwendo humsogeza kutoka hapo, kwa wengine kidogo, kwa wengine sana. Hata hivyo, aliyerithi milango michache hawezi kufikishwa salama na chakula peke yake. Huyo anahitaji dawa pia.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, uliza habari za ukoo. Mwulize nyanya, mwulize shangazi, uliza upande wa mume wako pia. Nani alikufa ghafla, au alipata mshtuko wa moyo au kiharusi, mwanamume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya miaka 65? Andika majina na umri katika daftari, uende nalo hospitali.

Pili, omba kipimo cha mafuta ya damu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kukupima presha na sukari nyumbani, lakini kolesteroli yote kwa mafungu yake hupimwa maabara ya hospitali. Mtu mzima akiwa na LDL ya 4.9 au zaidi, daktari atafikiria ugonjwa wa ukoo. Ikithibitishwa, ndugu na watoto wapimwe pia. Mtoto apimwe kabla ya kutimiza miaka 10. Ukiona vivimbe vya manjano kwenye kope, kwenye vifundo vya vidole au kwenye mshipa mnene wa kisigino, usingoje.

Tatu, ukiwa mjamzito usishtuke kolesteroli ikipanda. Hupanda yenyewe kwa sababu ya mimba. Ngoja ujifungue, kisha daktari atakuambia wakati wa kupima tena.

Nne, dawa. Dawa za kundi la statini zilitokana na kazi ya Akira Endo wa Japani, aliyeipata ya kwanza katika ukungu mwaka 1973. Ya kwanza kuuzwa iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Siku hizi zipo za bei nafuu. Humezwa kila siku, na hazikomeshwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Ukipata mimba, au ukipanga kupata, mwambie daktari mapema, kwa maana kwa kawaida husimamishwa. Tena jihadhari na wanaouza chupa za "kuosha mishipa" stendi na sokoni. Kovu lililokua miaka thelathini halioshwi kwa chupa ya wiki moja.

Tano, chungu chako. Vyakula vyetu vya zamani vilikuwa na faida: kimanga cha maharagwe, mbaazi, kunde, mchicha na mnavu, viazi vitamu, parachichi za milimani, samaki wa Ziwa Jipe. Siku hizi kando ya barabara kuu kuna chipsi, viazi karai na mandazi vilivyokaangwa katika mafuta yale yale tangu asubuhi. Hatusemi visiliwe kamwe. Visiwe chakula cha kila siku. Punguza mafuta yanayoganda, tumia ya maji, na pima kwa kijiko badala ya kumimina.

Lakini sikiliza vizuri: mtoto wa chini ya miaka miwili asinyimwe mafuta. Anyonye, ale yai, anywe maziwa, atiwe njugu zilizosagwa katika uji. Ubongo wake unajengwa.

Sita, mwendo. Mtoto anayeweza kutembea kwenda shule aachwe atembee, ikiwa njia ni salama. Na sigara isivutwe nyumbani, wala na baba wala na mgeni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Waafrika huugua ugonjwa wa mishipa kuziba. Zamani ulikuwa nadra, na sababu zilikuwa maisha, umri na urithi kwa pamoja.
2. Vifo vya mapema katika ukoo mmoja vinaweza kuwa na chanzo kinachopimika.
3. Mtu mwembamba anaweza kuwa na kolesteroli ya juu.
4. Ugonjwa huanza utotoni bila maumivu, kwa hiyo kinga pia ianze utotoni.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Katika ukoo wako, nani alikufa ghafla kabla ya uzee, na watu walisema ni nini? Kuna nani kati ya ndugu zake ambaye amepimwa? Ni chakula gani cha nyanya yako ambacho watoto wako hawakijui?

Mjibizane maswali hayo katika chama chenu juma hili. Na yule mwenye jina la kuandika katika daftari, asikae nalo, alipeleke kliniki. Kwaherini, hadi mazungumzo yajayo.